Utando wa Seli: Mlango Mwembamba Unaomlinda Mfungaji

(Mada iliyotolewa baada ya Swala ya Alasiri katika darsa za Ramadhan za vijana, Dandora. Imeandikwa kama ilivyosemwa.)

  

Najua kuna waliokuja wakitegemea fiqhi ya saumu. Fiqhi mmepata kutoka kwa masheikh wetu, na mtazidi kupata. Leo tunaingia ndani ya mwili wenyewe unaofunga. Tutazungumzia kitu ambacho wanafunzi wa sekondari wamekichora kwenye daftari, wakakariri, wakafanya mtihani, wakakisahau: utando wa seli. Na wewe mama ambaye hukusoma baiolojia usiondoke, kwa sababu mwisho wa maneno haya ni jikoni kwako na mkononi mwa mtoto wako.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli. Chembechembe nyekundu za damu peke yake, kwa mtu mzima, ni kama trilioni 25. Kila seli ina ngozi yake, na ngozi hiyo ndiyo utando. Unene wake ni kama nanomita 7 au 8. Chukua karatasi moja ya daftari. Ili ufikie unene wa karatasi hiyo, itabidi upange tando za seli zaidi ya elfu kumi, moja juu ya nyingine. Na huo uzi mwembamba ndio unaotenganisha kilicho hai na kisicho hai. Ukipasuka, seli imekufa.

Sasa umetengenezwa na nini? Mafuta. Mwaga mafuta ya kupikia kwenye maji, uone: yanakimbia maji, yanajikusanya pembeni. Lakini mafuta ya utando yana tabia mbili katika kiumbe kimoja. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Huitwa fosfolipidi. Zikiwekwa ndani ya maji, hazihitaji fundi. Zinajipanga zenyewe safu mbili: vichwa vinaelekea nje kwenye maji na ndani kwenye maji, mikia inajificha katikati. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote ya chembechembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakapima. Wakakuta eneo la mafuta ni mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Ndipo wakajua ni safu mbili. Cha kuchekesha, baadaye ilibainika kwamba walikosea hesabu mahali pawili, na makosa yale mawili yakafutana, jibu likatoka sahihi! Mwalimu wa hisabati asingewapa maksi zote.

Mwaka 1972, Singer na Nicolson wa Marekani wakaeleza picha tunayoitumia mpaka leo: utando si ukuta mgumu wa matofali, ni kama mafuta mazito yanayotembea, na ndani yake zinaelea protini. Protini hizo ndizo milango. Kuna mlango wa maji, mlango wa sukari, mlango wa chumvi, mlango wa kalsiamu. Kuna nyingine ni masikio tu, zinasikiliza habari kutoka nje. Hewa ya oksijeni haina haja ya mlango, inapita katikati ya mafuta. Lakini chumvi haiwezi, sukari haiwezi. Lazima zibishe hodi.

Hapa kuna ndugu ataniuliza kuhusu Sura Ar-Rahman, pale panapotajwa bahari mbili zinazokutana na baina yake kizuizi. Nimesikia watu wakisema aya hiyo ndiyo utando wa seli. Mimi sisemi hivyo. Tafsiri ina wenyewe, na Qur'an haihitaji tuisukumie kila kipya kinachotoka maabara. Kutafakari umbile la mwili ni ibada, yatosha.

*Saumu na milango ya maji*

Tuanze na jambo ambalo kila mfungaji ameliona lakini hakuliuliza. Ikifika saa tisa mchana, ukienda chooni, mkojo ni kidogo na rangi yake ni ya manjano kali. Kwa nini? Kwa sababu ubongo umeonja damu ukaona inazidi kuwa nzito, ukatuma homoni kwenda kwenye figo. Seli za figo zina milango ya maji iliyowekwa akiba ndani, kama viti vilivyopangwa stoo. Homoni ikifika, milango ile inatolewa stoo na kupachikwa kwenye utando, na maji yaliyokuwa yanaelekea nje yanarudishwa mwilini. Ukifuturu na kunywa maji, milango inarudi ndani. Milango hii ilikuwa fumbo miaka mingi, mpaka Peter Agre wa Marekani alipoitambua mwanzoni mwa miaka ya 1990, tena kwenye chembechembe za damu. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Kwa hivyo mwili wako unafunga kwa nidhamu kuliko wewe mwenyewe unayehesabu dakika za Maghrib.

Maji hufuata chumvi na sukari. Hiyo ndiyo kanuni. Mama anayetengeneza kachumbari anaijua: ukinyunyizia kitunguu chumvi, baada ya muda bakuli lina maji. Yametoka wapi? Ndani ya seli za kitunguu, yamevutwa kupita kwenye utando. Ndiyo maana daku ya vitu vya chumvi nyingi, crisps na mabaki ya bajia, hukupa kiu kabla ya Dhuhuri.

Kutoka hapo tuje kwenye maradhi ya kuhara, kwa sababu sisi watu wa Eastlands tunayajua. Nairobi ilipata kipindupindu mwaka 2015, ikapata tena 2017, na tena katika mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2022. Kidudu cha kipindupindu hakiozeshi utumbo. Kinafanya jambo la hila: sumu yake inaufungua mlango mmoja wa chumvi katika seli za utumbo na kuuacha wazi. Chumvi inamwagika nje ya seli, maji yanaifuata, na mtu mzima anaweza kupoteza lita kadhaa kwa siku moja. Ukimpa maji matupu, hayakai.

Lakini kuna mlango ambao sumu ile haikuugusa. Ni mlango wa sukari na chumvi kwa pamoja. Huu hafunguliwi mmoja. Lazima sukari ya glukosi na chumvi ya sodiamu zije zimeshikana mikono, ndipo zinaingia, na maji yanafuata nyuma. Mtaalamu Robert Crane alieleza mlango huu mwaka 1960. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka wakaonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kutibiwa kwa kunywa. Halafu ikaja vita ya Bangladesh ya 1971. Wakimbizi walimiminika mpakani, kipindupindu kikaingia kambini, na maji ya mishipa yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, katika kambi ya Bongaon, akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Mahali ambapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100, vifo vikashuka chini ya 4. Baadaye akina mama wa vijijini Bangladesh, wengi wao Waislamu, wakafundishwa nyumba kwa nyumba kutengeneza maji hayo.

Basi mama, ile pakiti ya ORS wanayokupa zahanati bure au kwa shilingi chache, usiidharau ukaomba sindano. Soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani, usipunguze wala kuzidisha. Usiku ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visiwe na mlima. Onja. Yakiwa na chumvi kuzidi machozi, mwaga, anza upya. Chumvi ikizidi inavuta maji kutoka mwilini, kama kile kitunguu. Mpe mtoto kidogo kidogo, na umpeleke hospitali hata hivyo, atapewa na zinki. Na mtu mzima aliyefunga, akishikwa na kuhara kwa namna hiyo, ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Avunje saumu, anywe, alipe siku nyingine. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana wanaona ni ushujaa kuvumilia. Huo si ushujaa.

Nitapita haraka Kilifi, kwa kuwa wengi hapa asili yenu ni Pwani. Vijidudu vya malaria huishi ndani ya chembechembe nyekundu za damu, na ili kiingie lazima kiusukume na kuukunja utando. Kwa watu wa Kilifi kuna kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo kama mtu mmoja katika kila kumi analo kwa upande wa mzazi mmoja. Mwaka 2020, Dkt. Silvia Kariuki na wenzake wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichukua damu ya watoto 42 wazima wa afya na kuitazama chini ya hadubini. Wakaona utando wa chembechembe za Dantu umekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Kijidudu kinakuja, kinasukuma, kinashindwa. Waliorithi kwa wazazi wote wawili wana kinga ya mpaka asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Kukazwa kidogo tu kwa kitu kisichoonekana. Subhanallah.

*Mgeni anayeingia kwa jina la mwingine*

Sasa nifike pale nilipotaka kufika. Utando una milango, na kila mlango una mlinzi. Lakini mlinzi anaweza kudanganywa. Mgeni akija amevaa sare ya mwenyeji, anafunguliwa. Mgeni huyo hapa kwetu anaitwa risasi. Si ile ya bunduki. Nasema madini, yale ya betri za gari, rangi za zamani na vifaa vya umeme vilivyochomwa.

Risasi inafanana na kalsiamu kiasi cha kupita mlango wa kalsiamu. Ikiwa tumboni, inatumia pia mlango wa madini ya chuma. Ikishaingia kwenye damu, karibu yote inakaa ndani ya chembechembe nyekundu, na huko inazuia kutengenezwa kwa ile rangi nyekundu inayobeba hewa. Mtoto anakosa damu. Ikifika ubongoni inapita tena kwa jina la kalsiamu, na inavuruga mazungumzo ya seli za mishipa ya fahamu. Mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, au hatulii, na mwalimu anasema ni mtundu. Ziada inawekwa mifupani kama kalsiamu ya kawaida, inakaa miaka mingi, na binti huyo akija kupata mimba, mfupa unaitoa, inamfikia mtoto tumboni.

Haya si ya mbali. Dampo letu lilianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakuacha kuja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti. Walipima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo. Nusu yao walikuwa na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Na watoto 30 katika kila 100 chembechembe zao nyekundu zilikuwa na kasoro ya ukubwa na rangi. Udongo nao: sampuli 42 katika kila 100 zilikuwa na risasi karibu mara kumi ya udongo usiochafuliwa. Kumbukeni kuwa wakati ule 10 ndiyo iliyokuwa alama ya hatari. Marekani imeishusha mpaka 3.5 mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Watoto wale wa 2007 leo ni watu wazima, wengine ni wazazi, na pengine wengine wamekaa hapa mbele yangu.

Kulihamisha dampo ni kazi ya serikali, na tuna haki ya kuidai, kwa barua, kwa mikutano, kwa kura. Wala tusiwadharau ndugu zetu wanaookota taka. Wanatafuta riziki, na wao ndio wanaoumia kwanza. Lakini wakati tunasubiri, kuna mambo ya kufanya leo kabla ya adhana, na yanahusu Ramadhan moja kwa moja.

Tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Majaribio kwa watu wazima yameonyesha kwamba aliyefunga kula hufyonza sehemu kubwa sana ya risasi anayoimeza, na aliyeimeza pamoja na chakula hufyonza kidogo tu. Ukifikiria utaelewa: milango iko wazi na foleni haina watu. Hii haina maana kwamba saumu ni hatari, la hasha. Maana yake ni kwamba kidole kinachoshika tende ya kwanza kiwe safi. Kijana ametoka kucheza mpira kiwanjani, au ametoka kuchoma waya apate shaba auze, adhana inalia, anachukua tende kwa mkono ule ule. Tende ni Sunna na vumbi ni sumu, na amezimeza pamoja. Udhu unaondoa kiasi, alhamdulillah, lakini vumbi hili linang'ang'ania. Tumia sabuni. Sabuni yenyewe ni binamu wa utando: ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, ndiyo maana inang'oa uchafu, na ndiyo maana mwaka 2020 wakati wa korona tuliambiwa tunawe nayo, kwa kuwa inapasua utando wa mafuta wa kirusi kile.

Jambo lingine, foleni ya mlangoni. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma anafungua milango ya chuma mingi zaidi, na risasi inaingia humo. Akiwa na chuma na kalsiamu ya kutosha, risasi inakuta nafasi zimejaa. Hatuhitaji vyakula vya supermarket. Ndengu, maharagwe, mchicha, omena, nyama kidogo ikipatikana, maziwa. Na hapa nitawaudhi wengi: chai. Chai inazuia chuma ya mboga na maharagwe isifyonzwe. Futari zetu zote zimelala juu ya chai! Sisemi tuiache, nani ataniacha nitoke hapa salama. Futuru kwa tende na maji, swali, kula ndengu zako, chai ije baada ya Tarawehe.

Kuacha viatu mlangoni, desturi yetu, ni kinga kubwa kuliko tunavyodhani, maana vumbi la nje linabaki nje. Lakini viatu hivyo visiwe pale mtoto anapotambaa. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Kufagia vumbi kavu ni kulirusha hewani tu. Na jamani, kuchemsha maji kunaua vidudu, hakuondoi risasi. Sukuma wiki iliyolimwa kando ya dampo ioshwe sana, na mimi binafsi nisingempa mtoto.

La mwisho ni gumu kidogo. Idd ikikaribia, mama zetu hupaka watoto wanja. Wanja na surma nyingi zinazouzwa kwa unga zimepimwa katika nchi mbalimbali zikakutwa na risasi nyingi. Mtoto anajifuta jicho, anatia kidole mdomoni. Hukumu ya wanja wa ithmid ni ya masheikh, mimi si mahali pangu. Nazungumzia kijichupa kisicho na maandishi ulichonunua sokoni. Kama hujui kilichomo, Idd hii mwache mtoto na macho yake kama alivyoumbwa.

Mzazi mwenye wasiwasi aulize hospitali kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Si kila zahanati inacho, lakini kipimo cha upungufu wa damu wanacho, na huo ni mwanzo. Msikubali dawa za barabarani za "kusafisha damu". Baadhi ya dawa za namna hiyo zenyewe zimekutwa na risasi.

Naona saa. Wenye maswali tukutane baada ya Maghrib, na akina dada waandike karatasi wampe mwalimu wao wa madrasa. Pale kwenye mabomba ya udhu vijana wameweka sabuni tangu jana. Tupange foleni sasa, wadogo mbele.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.